Pomboo Mwenye Jina la Kukhu

Siku niliyolia mbele ya watu ugenini, walinipigia makofi.

Pomboo alikuwa amekufa asubuhi hiyo. Walikuwa wamemlaza kando ya dimbwi juu ya turubai ya bluu, na mdomo wake ulikuwa bado unatabasamu, kwa sababu mdomo wa pomboo umeumbwa hivyo na hata kifo hakina uwezo wa kuubadilisha. Muziki wa onyesho ulikuwa unaendelea kupigwa. Hakuna aliyekumbuka kuuzima, au aliyekumbuka aliona hakuna haja, maana nje watoto walikuwa wameshapanga foleni na wazazi wao, kofia za karatasi vichwani. Msimamizi alinipa mpira wa maji akaniambia nisafishe pale haraka.

Badala ya kusafisha nilishika kichwa kwa mikono miwili, nikalia. Sio kilio cha kupangusa macho na kitambaa. Nililia kilio cha kwetu Iguhu, kile cha mwanamke anayeanzia barabarani kabla hajaingia kwenye boma la matanga, akimwita marehemu kwa jina, akimuuliza amemwachia nani. Nilitembea huku na huku kando ya maji, kama inavyotakiwa. Walinzi wawili wakanishika makwapa. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na gari lililokuja kumchukua maiti, kwa hiyo wakanitolea mlango wa mbele. Wale wa foleni wakadhani onyesho limeanza. Walitoa simu wakanipiga picha. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake anione vizuri. Nilipopita, wakapiga makofi.

Ndiyo makofi ya pekee niliyowahi kupata maishani, na nimefika umri wa kuwa na wajukuu.

Sasa nirudi nyuma, maana najua mtu atauliza mama wa Iguhu alifikaje kwa pomboo, wakati maji makubwa aliyoyajua ni mto Yala ukifurika. Nilipelekwa na mzee wa kanisa letu. Siku za Jumapili anapitisha kikapu cha sadaka. Siku zingine ni ajenti wa kupeleka watu kazi Uarabuni, ana ofisi Kakamega mjini, juu ya duka la viatu vya mitumba. Ukipanda ngazi unaanza kuombewa kabla hujakaa. Aliniombea kwa muda mrefu, macho nimefumba, na nilipoyafumbua pasi yangu ilikuwa tayari iko kwenye droo yake.

"Mama, hii kazi ni nyepesi," akaniambia. "Usafi tu. Na ni mahali pa familia. Watoto wanachekanga kutwa."

Sitamsingizia. Hapo hakudanganya. Watoto walicheka kutwa kweli. Mimi nilikuwa mjane, nauza mboga sokoni Khayega, shule niliachia darasa la sita. Mtu kama huyo ukimwambia kazi yake itakuwa kusafisha mahali watoto wanapocheka, hakuulizi wanacheka nini.

Dimbwi lilikuwa ndani ya jumba la maduka, chini ya paa. Ukitoka kununua pafyumu unapinda kushoto, unanunua tiketi, unaingia kuona kiumbe cha bahari. Bahari yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara, unaisikia harufu yake ukienda kutupa takataka. Lakini kuta za ndani zilikuwa zimechorwa bahari nyingine, na mawimbi yake, na jua lisilotua. Nilidhani ni mapambo ya wageni. Msimamizi akanieleza kwa fahari kwamba ile picha iliwekwa pia ili pomboo asijisikie mgeni. Nilijiambia, ukinifunga chooni ukachora shamba la mahindi ukutani, nami nitashukuru.

Siku ya kwanza nilimwona akiruka nikasahau ufagio. Nataka niliseme hili vizuri, kwa sababu tangu nirudi watu wanafikiri nilichukia pale kila kitu. Yule mnyama alikuwa mzuri kupita maneno niliyo nayo. Ngozi yake ilikuwa nyororo kama yai lililochemshwa likamenywa, na rangi yake ilikuwa ile ya mawingu ya kwetu saa ya mchana, dakika chache kabla mvua ya mawe haijaanza kugonga mabati. Alitoka majini bila kelele, mwili mzima, akapinda hewani kana kwamba hewa nayo ni maji mepesi, akarudi bila kumwaga hata kikombe. Akipumua alitoa pfuu, kama mama anayetua mzigo wa kuni. Na sauti yake, akiwa peke yake bila muziki, ilikuwa kama baiskeli inayosukumwa bila kukanyagwa pedali, tiktiktik, polepole, halafu mbio. Nilikuwa nikiosha sakafu naye ananifuata upande wa pili wa kioo, nikienda anaenda, nikisimama anasimama. Nikielekeza mpira wa maji juu, anakuja kuchezesha uso kwenye ile mvua ndogo. Hiyo haikuwa kwenye ratiba. Hakuna aliyempigia filimbi.

Nilifanya kazi na binti mmoja wa Mombasa, ndiye aliyenifundisha hata jina la mnyama. Kwetu hakuna haja ya neno hilo.

"Ona hiyo samaki inavyoruka," nilimwambia.

"Huyo si samaki, mamangu. Huyo ni pomboo. Ana mapafu kama wewe. Anazaa, ananyonyesha."

"Ananyonyesha ndani ya maji?"

"Wallahi."

"Na hiyo maziwa haichanganyiki na chumvi?"

"Nenda kamuulize yeye."

Akaniambia kwao wanaonekana baharini makundi kwa makundi, wanatangulia mbele ya boti wakicheza, mama na watoto, na hakuna anayewaita.

"Wanapewa nini?" nikauliza.

"Hawapewi kitu. Wanapenda tu."

"Sasa hapa ndio wameajiriwa."

Alicheka mpaka msimamizi akatuangalia.

Huko ndani pomboo alikuwa mmoja peke yake. Binti aliniambia hilo ndilo linalomuuma zaidi, maana hawajui kukaa peke yao hawa, ni kama sisi kwenye matanga. Palikuwa na kijana aliyemfundisha michezo, sote tukimwita mwalimu. Kiingereza changu cha darasa la sita na chake cha nchi yake vilikutana katikati, tukaelewana. Hakuwa na fimbo. Hajawahi kumpiga pomboo hata kofi. Alikuwa na ndoo tu. Ukiruka, samaki. Ukikataa kuruka, ndoo inafunikwa. Mwalimu aliliita hilo mapenzi, na nadhani aliamini.

"Mama, tazama," aliniambia, "anatabasamu siku nzima. Anafurahi."

Nikamwangalia kijana wa watu nikafikiria mbuzi. Kama Mungu angempa mbuzi mdomo wa namna ile, tungempeleka buchani kila Krismasi tukimshukuru kwa moyo wake mkunjufu.

Yule wa kwanza hakukaa. Alikufa nikiwa bado napotea njia za jumba lile. Dimbwi likafungwa, wakasema ni ukarabati, kisha likaja gari na mwingine, mdogo zaidi, amefungwa mashuka yaliyolowa kama mgonjwa anayehamishwa hospitali. Nilimuuliza mwalimu huyu anaitwa nani. Akanitajia jina lilelile la aliyekufa.

Nilifurahi. Nilimwambia binti wa Mombasa, "Kumbe hawa watu wana adabu. Wamemrithisha jina la marehemu. Hata sisi tunafanyanga hivyo, jina lisipotee."

Binti akaniangalia kwa huruma kubwa.

"Mamangu," akasema, "jina limechapwa kwenye vikombe."

Nikageuka nikaangalia duka lile dogo la pale mlangoni. Vikombe, fulana, mikoba ya watoto, vyote vina picha na jina. Wa kwanza kuitwa hivyo alikufa zamani, na aliyemfuata, na aliyemfuata. Wazazi waliokuja wakiwa watoto walileta watoto wao kumsalimia pomboo yuleyule, wakashangaa hazeeki.

Huyo mpya hakula. Mwalimu alimshushia samaki mbele ya mdomo, akageuza uso. Alikaa kwenye kona, kichwa kimeelekea ukutani, pale palipochorwa wimbi, na alitoa sauti ambayo sikuisikia kwa yule mwingine, nyembamba, haikatiki. Daktari wa wanyama akaja na sindano yake, akasema ni uchovu wa safari. Msimamizi akasema kama hali ni hii wiki ijayo kutakuwa na shida, na hakumaanisha shida ya pomboo.

Kwetu mtoto akizaliwa akawa analia hanyamazi, amekataa titi, hatukimbilii kusema ana tumbo. Tunasema kuna mtu wa ukoo anataka jina lake. Kina mama wazee wanakaa naye, wanaita majina ya marehemu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Lile ambalo mtoto atalinyamazia na kunyonya ndilo lake. Hivi ndivyo nilivyopata langu, na watoto wangu yao, na hakuna aliyewahi kutuona wajinga isipokuwa karani wa vyeti vya kuzaliwa, anayetaka jina siku hiyohiyo.

Basi asubuhi moja, naosha ukingo kabla ya watu kuingia, nikaona mbona huyu ananililia masikioni na mimi nina majina. Nikaanza na upande wa mama yangu, kwa heshima. Akaendelea kulia. Nikaita jina la mjomba aliyependa pombe ya busaa kuliko familia. Akazama chini kabisa, sikumlaumu. Nikaita la mama mkwe wangu. Akageuka akanipa mkia. Hapo nilijua angalau anasikia.

Kisha nikaita jina la kukhu, mama yake baba. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya. Jina lenyewe sitaliandika, na mbele huko mtaona sababu. Alikuwa mwanamke wa kuuza vyungu, mrefu, mweusi, na hakuwahi kurudi nyumbani kwa njia aliyoondokea. Akienda Khayega kwa barabara kubwa, atarudi kwa vijia vya mashambani, asalimie watu wengine. Alisema njia moja inamzoea mtu vibaya. Aliwahi kutoka kuuza vyungu akafika Buyangu, msitu wote wa Kakamega akiwa ameuzunguka, kwa sababu tu alisikia kuna harusi.

Nilipomtaja, ile sauti ikakatika. Pomboo akaja juu, akatoa pumzi, akaweka kidevu kwenye ukingo karibu na kiatu changu cha mpira, akaniangalia kwa jicho moja. Ndoo ya mwalimu ilikuwa pale. Nikampa samaki. Akala. Nikaita tena, akala tena.

Sisemi ni muujiza. Labda njaa ilikuwa imemshinda. Lakini watoto wote wa kwetu wamepata majina kwa ushahidi huohuo, wengine kwa ushahidi mdogo zaidi.

Mwalimu alipoingia akakuta ndoo imepungua. "Nilijua atakubali tu," akasema, akapongezwa na mwenye dimbwi mbele yetu sote. Nami nikapongezwa kwa sakafu.

Kwa hiyo watu walimwita jina la vikombe na mimi nikamwita kukhu, taratibu, mdomo umekaribia maji. Alijifunza haraka. Alirukia mpira, alicheza na pete ya hula, alipunga mkono wake ule mfupi kwa watoto. Baada ya onyesho, taa kubwa zikizimwa, alirudi kuzunguka. Alizunguka upande mmoja, kulia, kulia, kulia, kama ng'ombe wa kusaga miwa zamani kule Kabras, na nilipokuwa nikipiga deki nilijikuta namwambia kwa lugha ya kwetu, kukhu, leo jaribu kushoto. Mara moja moja alijaribu. Ukuta ulikuwa palepale.

Halafu macho yake yakaanza kuuma. Dawa ya maji waliyomwaga ilikuwa kali hata mimi niliyesimama juu nilitokwa na machozi, na mimi nilikuwa na mlango wa kutokea. Nalisema hili wazi kwa sababu watu wa kanisa letu wanapenda kuniambia, "Pole mama, wewe na huyo mnyama mlikuwa wafungwa." Hapana. Mimi nilitia sahihi. Vibaya, bila kusoma, macho yametoka kwenye maombi, lakini nilitia. Yeye alichukuliwa na wavu, mbele ya mama yake.

Ngozi ikaanza kubanduka kwenye kichwa. Akawa anaelea kona moja, haji hata nikifungua mpira wa maji. Na hapa ndipo hadithi za watu wengine huwa na fumbo, kwamba ugonjwa haukujulikana. Ulijulikana. Kila mtu alijua. Binti wa Mombasa alimwendea mwalimu mbele yangu.

"Mwalimu, huyu anaumwa. Nawe wajua."

"Najua."

"Basi?"

"Shule zimefungwa. Watoto ni wengi. Nitaongea na mkubwa baada ya sikukuu."

Daktari naye alijua. Alisimama ukingoni, akatikisa kichwa, akasema anahitaji kupumzika na maji yapunguzwe dawa, halafu akaambiwa na mwenye dimbwi kwamba haiwezekani, akasema basi apewe vitamini. Nilikuwa pale na ndoo yangu. Sijawahi kuona ukweli ukipunguzwa bei haraka hivyo.

Na mwenye dimbwi alijua kuwashinda wote. Siku chache kabla, gari la mashuka yaliyolowa lilikuja tena. Pomboo mwingine akashushwa kwenye tangi la nyuma, kwenye giza, akae tayari. Kwetu ukileta jeneza bomani mgonjwa akiwa bado anakunywa uji, utaulizwa maswali na majirani, na usipojibu vizuri utahama. Pale walisaidiana kulishusha.

Aliruka mara ya mwisho siku ya sikukuu. Aliruka vizuri. Asubuhi iliyofuata tukamkuta.

Nimeshasema nilivyolia. Sasa mnajua kwa nini sikuwa na njia nyingine. Angekuwa na jina la vikombe tu, ningesikitika, nikafagia. Lakini alikufa akiwa na jina la kwetu, na mtu wa kwetu halali chini bila mtu wa kumlilia.

Kwa kile kilio nilirudishwa nyumbani. Wenzangu walioponea chupuchupu majumbani mwa watu, waliopigwa, waliolilia watoto wao na kuomba warudi, waliambiwa wamalize mkataba. Mimi nililia kwa ajili ya pomboo, nikaonekana kichwa kimeharibika, nikapandishwa ndege. Ukitaka kusikilizwa, basi, chagua vizuri wa kumlilia.

Nyumbani kaka yangu mkubwa aliita kikao sebuleni kwake. Alikuja na senje, yaani shangazi yetu, mtoto wa mwisho wa kukhu, ambaye amebakiza meno machache na ulimi wote.

"Tunasikia ulipatia samaki jina ya kukhu," kaka akaanza.

"Si samaki. Ananyonyesha."

"Sijauliza anakula nini. Nauliza ulipatia?"

"Alikuwa analia. Nikaita majina."

Kaka akaweka kikombe chini. Akasema nimeharibu jina, sasa nani atamwita mtoto hilo jina, mtoto atazaliwa na mapezi? Akasema jina hilo lisitajwe tena mpaka familia itakapoamua. Ndiyo sababu silitaji. Alinena kwa muda mrefu juu ya aibu, na juu ya ukoo, na hakuuliza hata mara moja aliyekufa alikufaje.

Senje ndiye aliyeuliza.

"Ulipoita jina lake, alinyamaza?"

"Alinyamaza, senje."

"Akakula?"

"Akakula."

"Basi ni yeye. Mama yangu alipendanga safari." Akageuza macho yake mazito kwangu. "Mumemzika wapi?"

Nikasema hakuzikwa. Nikasema alichukuliwa na gari la takataka, kupitia ule mlango wa nyuma.

Chai ikaachwa mezani. Hata ya kaka. Mtu wetu anaweza kufa vibaya, akafa mbali, akafa na madhambi, lakini huwezi kumwambia mtu wa kwetu kwamba ndugu yake hana kaburi halafu ukaendelea na chai.

"Tutazika mgomba," senje akasema.

Hivyo ndivyo inavyofanywa mwili ukipotea, ukiliwa na mto au na nchi za watu: unakatwa mgomba, unalazwa kaburini badala ya mtu. Kaka alipinga, akasema watu watatucheka. Senje akamjibu kwamba watu wameanza kutucheka tangu baba yetu amwoe mama yetu, na bado tupo. Kaka akainuka kwenda kutafuta panga.

Waliniuliza urefu. Nikanyoosha mikono, haikutosha, nikatembea hatua chumbani. Kesho yake wakakata mgomba mzuri, wakachimba nyuma ya nyumba ya senje, karibu na kaburi la kukhu mwenyewe. Majirani walikuja, nusu kwa huzuni na nusu kuona. Ingokho, yaani kuku wa kwetu, zilichinjwa, obusuma, ugali wetu, ikasongwa. Mzee wa kanisa naye akaja, yule ajenti, kofia mkononi, kwa sababu hakuna mazishi Iguhu yanayopita bila yeye, na kuku wa matanga anamjua kwa mguu.

Kaka yangu ndiye husimamia mazishi yote ya kijiji chetu, na mtu akizoea kazi hawezi kuifanya nusu. Alisimama mbele ya mgomba uliofunikwa shuka, akakohoa, akaendesha mambo kama kawaida yake. Akaita upande wa familia. Akaita majirani. Kisha akaniita mimi nieleze ugonjwa wa marehemu, maana kwetu hatuzikani bila kuambiwa mtu aliuguaje, alitibiwa na nani, alikufia mikononi mwa nani.

Nilisimama. Mtoto wa kaka, kijana wa mjini, ambaye kwake senje ni mimi, akaniuliza kutoka nyuma, "Senje, marehemu alikuwa na kitambulisho?" Wakacheka. Nami nikacheka kidogo. Kisha nikaeleza. Nilieleza ngozi, na macho, na kuzunguka kulia. Nilieleza daktari na vitamini zake. Nilieleza mwalimu aliyesubiri sikukuu ipite. Nilipofika kwa mwenye dimbwi na yule mwingine aliyeletwa kungoja kwenye tangi la nyuma, mwenzake akiwa bado anapumua, nilisikia mama mmoja amesema taratibu, "Woi." Hakuna aliyecheka tena. Kijana wa mjini alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kaka akachukua nafasi. Najua alisema kwa mazoea tu, kwa sababu ndilo linalofuata kwenye kila mazishi:

"Sasa upande wa kazi ya marehemu. Waajiri wametuma mwakilishi?"

Kisha kichwa kimoja kikageuka, na kingine, mpaka boma zima likawa linamwangalia mzee wa kanisa. Alikuwa na paja la kuku mkononi. Akaliweka.

"Mimi nilipeleka mama huyu," akasema. "Sikupeleka pomboo. Mimi na hayo mambo ya maji hatujuani."

"Lakini mwenye dimbwi unamjua," nikasema.

"Kwa simu tu."

"Na bado unampelekea watu."

"Mama, hiyo ni kazi. Na hapa ni msibani. Tuheshimu marehemu."

"Ndiye tunayemheshimu. Mpigie."

Akasema hapa Iguhu mtandao ni mbaya. Kijana wa mjini akanyoosha simu yake juu ya vichwa vya watu. "Mzee, mtandao iko sawa kabisa." Mzee akasema atapiga akifika ofisini, akachukua kofia yake, akatoka kabla ya udongo kurudishwa.

Hajapiga. Nimepanda ngazi za juu ya lile duka la viatu nikamkuta anaombea wasichana wengine watatu, macho yao yamefumba. Nilingoja mpaka amina, nikamkumbusha. Sasa naandika, kwa sababu mdomo wangu ameshauzoea.

Mzee, mgomba umezikwa na familia imefanya yake. Daktari, mwalimu na mwenye dimbwi wako mbali, mkono wangu hauwafikii. Wewe uko Kakamega, na namba yao unayo. Piga, usipige kwa siri ofisini. Njoo na simu hapa nyuma ya nyumba ya senje, uweke sauti kubwa, na mwenye dimbwi atuambie mwenyewe, sote tukisikia: alipoagiza mwingine, huyu wetu akiwa bado anapumua, alikuwa anangoja nini?